Fedha ni zangu: je, siwezi kumwajiri ninayemtaka?

Swali: "Nina karakana yenye wafanyakazi 14. Nilitangaza nafasi ya msaidizi wa mhasibu, wakaomba watu 43, nami nikawaita 5 kwenye usaili. Mmoja wao alikuwa mama kijana mwenye vyeti vizuri kuliko wenzake wote. Nilimwuliza kama ana mpango wa kupata mtoto mwingine karibuni, kwa sababu kazi ya kufunga hesabu za mwaka inahitaji mtu asiyekosekana. Hatimaye nilimchukua kijana aliyeletwa na fundi wangu mkuu, ambaye tunamwamini. Sasa yule mama ameniandikia barua ya heshima akitaka kujua kwa nini hakuchaguliwa. Je, nalazimika kumjibu? Na kama fedha ni zangu, je, si haki yangu kumwajiri ninayemtaka?"

Jibu: Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuuliza kabla hujaijibu barua hiyo, na kwa kulisimulia jambo lenyewe bila kulipamba. Nami nitakujibu kwa uwazi uleule. Uhuru wa kuchagua mfanyakazi unao. Unaweza kumwacha mwombaji kwa kuwa hajui kulinganisha taarifa ya benki na vitabu vyako, kwa kuwa alileta maombi baada ya tarehe ya mwisho, au kwa kuwa mwenzake amemzidi uzoefu. Huwezi kumwacha kwa kuwa ni mwanamke, kwa kuwa huenda akazaa, kwa kuwa dini yake si yako, au kwa kuwa ana ulemavu usioizuia kazi yenyewe. Fedha ni zako kweli, lakini ulipoitangaza nafasi hadharani uliwaalika watu washindane kwa masharti uliyoyaandika mwenyewe, na tangu siku hiyo una wajibu kwa wote 43, ingawa 42 kati yao hawatatia saini mkataba wowote nawe.

Waajiri wengi huamini kwamba sheria ya kazi humlinda mtu baada ya kuajiriwa tu. Sivyo ilivyo. Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1958 na kuridhiwa na nchi zaidi ya 170, unakataza ubaguzi katika ajira kwa misingi ya rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa na asili ya mtu, na unahesabu hata kule kuipata kazi kuwa sehemu ya ajira. Sheria za nchi nyingi zimelifuata jambo hilo na kuongeza misingi mingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, zote mbili zinaeleza kwamba linapokuja suala la ubaguzi, neno mwajiriwa linamjumuisha pia mwombaji wa kazi, na zote mbili zinautaja ujauzito miongoni mwa misingi iliyokatazwa. Hujaniambia uko nchi gani, kwa hiyo itafute sheria ya kwenu na uisome kwa kifungu chake. Hata hivyo, msingi wenyewe utaukuta karibu kila mahali.

Sasa tuje kwenye lile swali la mtoto, maana ndilo lililokuweka pabaya. Naamini hukuwa na nia mbaya. Ulikuwa unawaza mwisho wa mwaka, mafaili yaliyorundikana na mkaguzi anayesubiri. Lakini jiulize: je, yule kijana ulimwuliza kama ana mpango wa kupata mtoto? Kama hukumwuliza, basi kutopatikana kazini uliona ni hatari ya mwanamke peke yake, na huko ndiko kubagua, hata kama kulifanywa kwa sauti ya upole. Mwaka 1990 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua shauri la mwanamke wa Uholanzi aliyeomba kazi ya ukufunzi katika kituo cha vijana akiwa mjamzito. Kamati ya uteuzi ilimwona kuwa ndiye anayefaa kuliko wote, lakini mwajiri hakumchukua kwa kuhofia kwamba bima haitamrudishia gharama za likizo ya uzazi. Mahakama ilisema kwamba kumkataa mtu kwa sababu ya ujauzito ni ubaguzi wa kijinsia wa moja kwa moja, kwa kuwa ni wanawake tu wanaoweza kukataliwa kwa sababu hiyo, na kwamba hofu ya hasara ya fedha haiufanyi uamuzi huo kuwa halali. Mkataba Namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unakwenda mbali zaidi: unazitaka nchi zilizouridhia zipige marufuku kumdai mwombaji kipimo cha ujauzito, isipokuwa kwa kazi ambayo sheria imeizuia kwa wajawazito au ambayo inatambuliwa kuwa na hatari kwa mama na mtoto. Kufunga hesabu si kazi ya namna hiyo.

Niruhusu nikueleze kwa nini nalikazania swali hili kuliko mengine. Niliwahi kukalia jopo la usaili la watu wanne. Tulipokusanya karatasi za alama, nikaona kwenye pambizo ya karatasi ya mwenzetu mmoja maneno mawili yaliyoandikwa kwa penseli: "mtoto mchanga". Alama alizompa mwombaji huyo zilikuwa chini ya zetu katika kila kipengele, hata katika kipengele cha kutumia programu ya hesabu, ambacho mwombaji alikifanya kwa vitendo mbele yetu sote bila kukosea. Nilipomwuliza mwenzangu alama hizo amezitoa wapi, aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema hajui. Nilimwamini. Lile wazo lilimwingia mwanzoni mwa mazungumzo, na kila jibu lililofuata alilisikia kupitia humo. Tuliziweka kando alama zake na mwombaji akasailiwa upya na jopo jingine. Kwa hiyo nakusihi usiliulize kabisa, hata kwa nia ya kufahamiana, kwa sababu jibu lake ukishalisikia huwezi kulisahau.

Kama hoja yako ni kuwapo kazini, uliza kuhusu kazi. Waambie wote watano kwa maneno yaleyale kwamba kufunga hesabu huchukua wiki mbili za mwisho wa mwaka, kwamba katika siku hizo mnaweza kuchelewa kutoka, na kwamba likizo hazitolewi wakati huo. Kisha mwulize kila mmoja kama ataweza. Mama mwenye watoto watatu anaweza kukujibu ndiyo bila kusita, na kijana asiye na mtoto anaweza kuwa na masomo ya jioni yasiyomruhusu. Ulichokihitaji kukijua utakuwa umekijua, na hakuna aliyefunguliwa mlango wa nyumba yake.

Ukishtakiwa, jambo litakalokushangaza ni namna ushahidi unavyopimwa. Katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo, mlalamikaji wa ubaguzi hatakiwi kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa mwajiri. Yule mama ataonyesha picha ya mwanzo tu: kwamba alikuwa na sifa zilizotangazwa, kwamba aliulizwa swali la uzazi, na kwamba aliyepata kazi ni mwanamume mwenye vyeti vilivyo chini ya vyake. Hapo mzigo wa kuthibitisha utakuhamia wewe. Utaulizwa vigezo vilikuwa vipi, viliandikwa lini, nani alitoa alama zipi. Mwajiri aliyeamua kwa haki lakini hakuandika chochote hujikuta hana cha kuonyesha, na ninasikitika kusema kwamba nimewaona wakishindwa watu ambao ninaamini walichagua vizuri.

Je, unalazimika kumjibu? Mara nyingi mwajiri binafsi hana wajibu wa kisheria wa kumweleza kila mwombaji sababu za kutochaguliwa, ingawa kanuni za ajira ya umma huwa kali zaidi. Lakini kutolazimika hakuna maana kwamba kunyamaza ni salama. Mwaka 2012 mahakama ileile ya Ulaya ilipokea shauri la mwanamke aliyekataliwa kazi mara mbili bila kuitwa kwenye usaili na bila kupewa sababu. Ilisema sheria za Umoja wa Ulaya hazimpi haki ya kudai taarifa za aliyeajiriwa, lakini pia kwamba mwajiri anapokataa kabisa kutoa taarifa yoyote, kukataa huko ni moja ya mambo ambayo hakimu anaweza kuyapima anapoamua kama kuna dalili ya ubaguzi. Mimi kwa upande wangu nasema umjibu hata kama sheria ya kwenu iko kimya. Mtu aliyetafuta nauli, akaomba ruhusa, akajiandaa na kuketi mbele yako nusu saa akijibu maswali yako anastahili ukurasa mmoja wa maelezo ya kweli.

Suala la fundi wako mkuu linahitaji uangalifu wa namna nyingine. Kupendekezwa si kosa. Mtu anayemjua mwombaji anaweza kukueleza mambo ambayo cheti hakiyasemi. Tatizo huanza pendekezo linapochukua nafasi ya mashindano. Karakana ikijazwa kwa njia ya kujuana, baada ya miaka michache wafanyakazi wote watakuwa wa ukoo mmoja, wa dhehebu moja au wa kabila moja, na hakuna siku hata moja ambapo mwajiri alikaa akaamua kuwafungia wengine nje. Sheria ina jina la hali hiyo: ubaguzi usio wa moja kwa moja. Shauri linalotajwa sana katika jambo hili liliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1971. Kampuni moja ya umeme katika jimbo la North Carolina ilidai cheti cha sekondari na mitihani ya akili kwa kazi ambazo watu wasio na cheti hicho walikuwa wakizifanya vizuri kwa miaka. Masharti yalikuwa yaleyale kwa wote, lakini yaliwaondoa Wamarekani weusi kwa wingi zaidi, na kampuni haikuweza kuonyesha yanahusiana vipi na kazi. Mahakama ilisema kwamba nia njema haiokoi sharti la namna hiyo. Kwa hiyo pitia na tangazo lako. Kama ulidai umri usiozidi miaka 30, au lugha ya mama fulani, au shahada kwa kazi inayotosha stashahada, uwe na sababu inayotokana na kazi yenyewe.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sheria haikukatazi kutofautisha. Mkataba Namba 111 wenyewe unakubali tofauti inayotokana na matakwa halisi ya kazi. Dereva lazima awe na leseni na macho yanayoona. Mkalimani lazima azijue lugha zote mbili. Kipimo ni kama kazi haiwezi kufanyika bila sifa hiyo, wala haitoshi kwamba wateja wamezoea au kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ililiamua jambo hili dhidi ya shirika la ndege la nchi hiyo, lililokuwa limekataa kumwajiri mhudumu wa ndani ya ndege kwa sababu ana virusi vya UKIMWI, likijitetea kwa usalama wa abiria na ushindani wa biashara. Ushahidi wa kitabibu haukuunga mkono hoja ya usalama, na mahakama ikaliamuru shirika limpe kazi. Hiyo ndiyo sababu sheria nyingi hazitaki maswali ya afya yaulizwe mapema. Uingereza, kwa mfano, kupitia sheria yake ya usawa ya mwaka 2010, inamzuia mwajiri kuuliza afya ya mwombaji kabla hajampa nafasi, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa. Utaratibu huo ni mzuri hata pale usipolazimishwa: mchague mtu kwanza kwa uwezo wake, kisha, ikiwa kazi inahitaji kipimo fulani, mpe nafasi kwa sharti la kupimwa. Na akija mwombaji mwenye ulemavu, mwulize anahitaji nini ili usaili wake uwe wa haki. Pengine ni chumba cha chini badala ya ghorofani, au karatasi yenye maandishi makubwa.

Kuna jambo hukuliuliza, nami sitaki nilipite. Wako wapi wasifu wa wale waombaji 42? Bahasha zile, au mafaili yale kwenye kompyuta, yana namba za simu, tarehe za kuzaliwa, picha na vivuli vya vitambulisho vya watu. Nchi nyingi sasa zina sheria ya kulinda taarifa binafsi. Kenya ilitunga yake mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Taarifa ulipewa kwa ajili ya nafasi hii moja. Usimpe rafiki yako anayetafuta mtu wa mauzo bila ridhaa ya mwenyewe, usiziache mezani, na muda wa malalamiko ukipita ziharibu kwa namna isiyosomeka. Kwa sasa, hata hivyo, usiharibu hata karatasi moja. Kuna barua ya mlalamikaji mkononi mwako, na karatasi ikitoweka sasa itaonekana imefichwa.

Mengine nayataja kwa ufupi. Mwombaji hatakiwi kulipa chochote ili asailiwe au apate kazi, na Mkataba Namba 181 wa mwaka 1997 unawakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, isipokuwa pale nchi imeruhusu kwa utaratibu maalumu. Jaribio la ujuzi la saa moja ni sehemu ya usaili. Wiki nzima ya kukuandalia vitabu vyako halisi ni kazi, na kazi hulipwa. Mshahara usiutaje kwa kubahatisha ukautengua siku ya mkataba. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2023, umeamua kwamba mwombaji aelezwe kiwango cha mshahara mapema na asiulizwe alikuwa akilipwa kiasi gani alikotoka. Tena mwombaji analindwa dhidi ya udhalilishaji na unyanyasaji wa kingono. Mkataba Namba 190 wa mwaka 2019 unamtaja waziwazi.

Nafasi nyingine ikitokea, anza na karatasi moja kabla hujaona jina la mtu yeyote. Andika msaidizi wa mhasibu atafanya nini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kisha toa humo vigezo vinne au vitano na uamue kila kimoja kina uzito gani. Nasema kabla ya kuona jina kwa sababu majina yana nguvu kuliko tunavyodhani. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2004, karibu wasifu 5,000 wa kubuni zilitumwa kwa waajiri wa Boston na Chicago, na zile zenye majina yanayosikika kuwa ya Wazungu ziliitikiwa kwa asilimia 50 zaidi ya zile zenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi, sifa zikiwa sawa. Mtu mwingine ofisini anaweza kuyafunika majina na picha na kuzipa wasifu namba. Kwenye usaili msiwe mmoja. Muwe wawili au watatu. Wape waombaji wote ukurasa uleule wa taarifa ya benki na ukurasa wa daftari lenye makosa matatu uliyoyapanda mwenyewe, pamoja na dakika 30 za kuyatafuta. Ulizeni maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na kila msaili aandike alama zake, na sentensi moja ya sababu, kabla hajazungumza na mwenzake. Hata kama mtatumia programu ya kuchuja maombi, anayewajibika kwa mchujo ni wewe, kwa hiyo ujue inapima nini. Mwombaji wa fundi wako naye apite mlango huohuo, na fundi asikae kwenye jopo siku hiyo.

Kuhusu yule kijana, usimguse. Alipewa kazi, akaikubali, pengine akaacha nyingine. Mkataba wake una nguvu kamili na kumwondoa ili kumridhisha mwingine kutakupa shauri la pili bila kulifuta la kwanza.

Sasa kaa na kumbukumbu za siku ya usaili, na ujiulize kwa dhati ni nini kilimwondoa yule mama. Ukikuta sababu ya kweli inayohusu kazi, kwa mfano kwamba kijana ameshatumia programu mnayoitumia na mama hajawahi kuitumia, iandike hivyo hivyo. Usibuni leo sababu ambayo haikuwapo siku ile. Ukikuta kwamba hakuna kilichomwondoa isipokuwa jibu lake kuhusu mtoto, mwone wakili kabla ya kuandika, umweleze ukweli wote, na uwe tayari kuzungumzia fidia au nafasi itakayofuata. Katika hali zote mbili, lile swali lisingepaswa kuulizwa, na ningependa barua iseme hivyo, baada ya wakili kukushauri juu ya maneno yake. Mshukuru kwa muda wake, mtajie vigezo na mahali alipofanya vizuri, mweleze kigezo kilichoamua, kiri kwamba aliulizwa jambo lisiloihusu kazi na umwombe radhi. Usitaje taarifa binafsi za aliyechaguliwa. Ipeleke wiki hii, katika bahasha yenye jina lake kamili, ikiwa na saini yako mwenyewe.